Kiti cha Robo Saa

Kila aliyechanjwa hukaa robo saa kwenye viti vya plastiki, aangaliwe asije akaanguka. Asubuhi ile kituo kilikuwa bado kitupu, lakini nesi alipovipanga viti alikuta cha mwisho kina joto, kana kwamba mtu ameinuka sasa hivi. Akakifuta, akaendelea na kazi.

Kesho yake joto lilirudi, pamoja na harufu ya dawa ya kuchua aliyokuwa akijipaka dada yake. Dada alikuwa na miezi miwili kaburini.

Alikuwa ameikataa sindano. "Nijazie tu kadi, mdogo wangu, wa kazini waniache." Nesi akamjazia, dozi akaimwaga kwenye sinki. Kituo kilikuwa nyuma ya lengo la watu wa kuchanjwa, na wakubwa hawakuisha kupiga simu.

Siku ya nne alisikia pumzi ikivutwa kwa taabu nyuma yake, ile ile ya dada ya siku za mwisho, ikamfuata kutoka mezani hadi kwenye jokofu la chanjo, ikasimama aliposimama, na alipogeuka akaona kile kiti kimebonyea katikati bila mtu, na sauti ikanong'ona, "Mdogo wangu, dakika zangu bado?"

Alijua anapaswa kupiga kelele. Hakuhisi kitu. Tangu mazishi alikuwa amekufa ganzi mwili mzima.

Mganga aliingizwa kwa mlango wa nyuma, akafukiza mpaka akapiga chafya mwenyewe. "Jini hili limevaa sura ya dada yako," alisema kwa sauti ya chini. "Moshi haliuogopi. Uliandika nini?"

Akamweleza.

"Basi kamwambie shemeji yako ukweli. Litaondoka."

Shemeji ndiye aliyekuwa akiitembeza ile kadi mtaa mzima. "Mke wangu alichanjwa, na bado nimemzika," alimwambia nesi jioni ile. "Wanangu hamuwagusi ng'o!" Chumbani binti yake mkubwa alikuwa akikohoa. Nesi alifungua kinywa, akaikumbuka kazi yake, akaikumbuka jela, akaona aibu.

"Mpe maji ya kutosha," akasema, akaaga.

Asubuhi simu iliita. Shemeji. Hakupokea. Alikuwa ameinama kwenye viti, anavigusa kimoja kimoja kwa kiganja, na sasa viwili vya mwisho vilikuwa na joto.