Jino la Ebo Halikung'olewa

Pale mjini Sekondi, Jumamosi haipiti bila mazishi, na mazishi hayanogi bila bendi. Ebo Quansah alikuwa mpiga tarumbeta. Kila asubuhi alikunywa uji wake, akapuliza nyimbo mbili za kulainisha midomo, kisha akatoka.

Siku moja alikunywa funda la kwanza, akashika mdomo.

"Nini tena?" akauliza Araba, mkewe.

"Jino la mbele! Likipata moto linapwita kama ngoma."

"Si uende hospitali?"

"Wataling'oa! Mdomo utaegemea wapi? Nitapuliza nini, filimbi ya refa?"

Araba alicheka. Ebo hakucheka. Aliendelea kumeza dawa za maumivu, na usingizi ukawa wa mang'amung'amu. Kisha maumivu yakaisha ghafla.

"Umeona?" akatamba. "Limepona lenyewe."

Halikupona. Jino likaanza kugeuka rangi ya kijivu. Kijipu kikatokeza kwenye ufizi, kikawa kinatoa usaha wenye ladha mbaya. Jumamosi moja mdomo wa juu ulivimba, Ebo akashindwa kutoa hata sauti moja. Sehemu yake akapewa mwingine. Yeye akakaa kwenye kiti cha wafiwa, tarumbeta mapajani, akitazama.

Aliporudi nyumbani, Araba alimtazama usoni tu.

"Jumatatu tunakwenda, baba watoto. Sikuombi."

Daktari wa meno aliitwa Aba Tandoh. Aliligonga jino polepole, akapiga picha ya eksirei, akaitazama.

"Jino hili liliwahi kupata pigo?"

"Mwaka jana. Mtu alinisukuma nikiwa napuliza, tarumbeta ikanirudi mdomoni."

"Basi hapo ndipo lilipoumia. Sikiliza, kaka. Ndani ya jino kuna kiini, nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Inafika mpaka kwenye ncha ya mzizi. Pigo kubwa linaweza kuiua. Hata jino lililotoboka sana linaweza kufikia hapo. Nyama hiyo ikifa, inaoza humo ndani na usaha unajikusanya kwenye mfupa."

"Mbona maumivu yaliisha?"

"Mishipa ilikufa, ikaacha kukupigia kelele. Ugonjwa ukabaki."

"Basi nipe dawa ya kumeza."

"Peke yake haitoshi. Damu haipiti tena ndani ya jino, dawa itafikaje?"

Ebo akafunika mdomo kwa kiganja. "Kwa hiyo unaling'oa."

"Nani kasema? Mzizi haujapasuka. Nitakupiga ganzi, nitatoboa tundu dogo kwa nyuma, nitoe kile kilichooza. Nitausafisha mzizi mpaka karibu na ncha, niujaze na kuuziba. Jino linabaki lako."

Ebo alimgeukia mkewe, macho yamemtoka. Araba akauliza, "Kila jino linalouma hufanyiwa hivyo, daktari?"

"Hapana, dada. Tundu dogo linazibwa tu. Hii ni kwa jino ambalo kiini chake kimekufa, au kimeumia kiasi cha kutopona. Na mzizi ukiwa umepasuka, mara nyingi tunang'oa. Ukinywa cha moto au baridi maumivu yakang'ang'ania, ukaona kijipu au jino linabadilika rangi, njoo mapema. Uso ukivimba au ukishikwa na homa, njoo siku hiyo hiyo."

Sindano ilimchoma Ebo kidogo. Baada ya hapo alisikia mlio tu, maumivu hapana. Mara akaguswa begani.

"Tumemaliza kwa leo," akasema daktari. "Umekoroma."

"Ameniaibisha hata huku!" akasema Araba.

Ebo alirudi mara nyingine, mzizi ukajazwa, jino likazibwa. Kijipu kikanywea, ufizi ukapona. Daktari alipomruhusu kupuliza, Ebo alikwenda nyuma ya nyumba, akaegemeza tarumbeta mdomoni kwa woga. Akapuliza kidogo. Jino likatulia. Akapuliza tena, kwa pumzi yote, sauti ikaruka juu ya mapaa.

Dirisha la jirani likafunguliwa kwa kishindo.

"Wee Ebo! Mtoto ndiyo kwanza amelala!"

"Samahani, mama!" akajibu Ebo, huku akicheka mpaka meno yote yakaonekana.