Mjumbe wa Jopo la Darubini

— Nani huyo?

— Mtu wa kazini.

— Mtu wa kazini ndiye umpokelee simu barazani na mlango ufunge?

Injinia akamtazama mchumba wake, Dokta, juu chini. Mwezi mzima simu ina nywila mpya, na mwenyewe akiulizwa anababaika. Harusi imebaki wiki tatu. Kama kuna mwanamke mwingine, alitaka kujua leo.

— Lete simu.

— Mpenzi, siwezi.

— Huwezi au hutaki?

Ujumbe ukaingia. Injinia akamnyang’anya simu, akasoma kwenye kioo: “Kikao saa nane. Usimwambie mtu, hata wa nyumbani kwako. Mwenyekiti.”

— Mwenyekiti wa nini? Wa kuvunja nyumba za watu?

Dokta akaketi.

— Wa jopo. Tunachagua darubini ya kurushwa angani.

Injinia alilijua jopo hilo. Moja ya darubini zilizoombewa nafasi ilikuwa yake. Miaka tisa alipanga vioo vya kunasa eksirei, miale isiyoonekana kwa macho, huko juu, maana hewa yetu huzizuia zisifike chini, ili watu waone mashimo meusi ya kwanza ya angani, yamezayo hata nuru, yalivyokua. Na itakayopita ni moja tu.

— Wewe unahukumu kazi yangu? Na kwenye fomu, walipouliza kama una uhusiano na mwombaji yeyote, uliandika nini?

Dokta akanyoosha mkono aichukue simu yake.

— Uliandika nini, Dokta?

— Niliandika hapana. Nilitaka kukusaidia!

— Umenikana kwa maandishi!

Iliuma kuliko angekuwa na mwanamke mwingine. Darubini ikipita hivyo, hatajua maisha yake yote kama kazi yake iliwahi kushinda. Akampigia mwenyekiti kwa simu ileile.

— Usipige! Wataifuta darubini yako!

— Mwenyekiti, mimi ndiye mwenye darubini ya eksirei. Mjumbe wako huyu ni mchumba wangu. Amewadanganya.

Mwanamke wa upande wa pili akavuta pumzi.

— Yeye ametoka kwenye jopo sasa hivi. Ombi lako tutalisoma upya bila yeye. Ungesema kesho, baada ya kikao, ningelitupa.

Simu ikakatika. Dokta akapiga magoti.

— Na harusi?

— Nenda kwa mama yangu, umwambie mwenyewe ulichofanya.

Dokta alirudi jioni, macho mekundu, mama yake Injinia nyuma yake.

— Amesema yote, mwanangu. Amelia mpaka nikamwonea huruma.

Injinia akamwangalia Dokta. Hasira ilikuwepo, na mapenzi yalikuwepo.

— Harusi ipo. Ila kuanzia leo, kila fomu unayojaza naisoma mimi kwanza.