Uso Uliokuwa Gizani

Adhuhuri, mtaa wa maduka ya simu ulikuwa umefurika watu, spika zikishindana kupayuka, na msusi mmoja alikuwa amemsimamisha bibi harusi mtarajiwa nje ya saluni, akimpiga picha kwa simu. Alikuwa akizisuka nywele zile tangu asubuhi, vidole bado vinamuuma. Lakini kila picha ilitoka vilevile: paji la uso linawaka, macho yamezama kwenye mashimo meusi.

“Dada, hilo jua litakuharibia kazi,” sauti ilisema nyuma yake.

Aligeuka. Mwanamume mrefu, mikono ya shati imekunjwa hadi viwikoni, begi la kamera begani, amekumbatia ubao mweupe kama mtu anayehama na mlango wake.

“Kwani jua ni lako?” msusi akamuuliza.

“Lingekuwa langu ningelipunguza. Msogeze kivulini, hapo barazani. Haya, tazama.”

Aliuinamisha ubao, na mwanga laini ukapanda ukamjaa bibi harusi usoni. Kila msuko ukaonekana. Msusi alipiga picha, akaitazama, akaikuza kwa vidole, akaitazama tena.

“Jumamosi nafundisha, ukumbi wa maktaba, ghorofani,” mwanamume alisema. “Njoo na simu yako hiyohiyo.”

“Na nikifika nimuulizie nani? Mwalimu Taa?”

“Hilo nimelipenda. Uliza hivyohivyo.”

Jumamosi msusi alikwenda amevaa gauni la pamba la kijani, hereni ndogo, midomo imeng’aa kidogo. Alijiambia anakwenda kwa ajili ya picha za saluni. Ukweli ulikuwa mkobani: kadi ya kumbukumbu ya simu yake ya zamani.

Mwalimu Taa alimketisha kando ya dirisha, akawaonyesha wanafunzi jinsi pazia jepesi linavyolainisha jua, na jinsi taa moja ikiwekwa pembeni inavyoupa uso umbo. Kisha akawaambia, “Giza kwenye picha si tupu. Mara nyingi kamera imeona kitu, ila haijakuonyesha. Ukiwa na subira unaweza kukivuta.”

Wengine walipoondoka, msusi alibaki. Aliweka kadi mezani.

“Kuna picha moja humu. Mchumba wangu. Amesimama dirishani kwenye chumba tulichotaka kupanga. Mwanga wote uko nyuma yake, uso umekuwa mweusi tii.” Akaisogeza kadi mbele yake. “Alikuwa fundi umeme. Alianguka kutoka kwenye jengo. Huu mwaka wa tatu. Picha nyingine hakuna, alikuwa hazitaki kabisa.”

“Pole sana.”

“Zamani nikifumba macho nilimwona. Siku hizi anakuja ndotoni hana uso. Anasimama tu, ananitazama, na sijui ananitazama na nini. Hata saluni, nikiinua macho kwenye kioo, naona mtu nyuma ya mteja. Nikigeuka, hayupo.”

Mwalimu Taa hakucheka wala kumwambia asahau. Aliichukua kadi kwa vidole viwili. “Nipe muda,” alisema.

Jumamosi zikafuatana. Simu nazo zikaanza, kwanza za masomo, halafu za visingizio.

“Umekula?” Mwalimu Taa alikuwa akiuliza.

“Hilo nalo ni somo la mwanga?”

“Uso wa mtu mwenye njaa haupigiki picha, mpenzi.”

“Umesema nani?”

“Mtandao unakatakata. Nimesema mwanafunzi.”

Msusi alicheka mpaka wateja wakamtazama. Kisha, kicheko kikiwa bado mdomoni, aliinua macho kwenye kioo, na yule mtu alikuwa pale, nyuma ya mteja. Kicheko kikamkauka. Kila furaha mpya ilimjia hivyo, na mtu wa kuishuhudia. Akimuuliza Mwalimu Taa kuhusu picha, jibu lilikuwa moja: “Bado. Inasumbua kidogo.”

Jumamosi moja, Mwalimu Taa alishuka kuchukua taa, akamwomba msusi afungue picha za darasa kwenye kompyuta, iliyokuwa imeunganishwa na projekta. Msusi alibonyeza faili lisilo sahihi.

Ukuta mzima ukajaa mtu.

Alikuwa mkubwa kuliko mlango. Dirisha lilikuwa nyuma yake, lakini uso sasa ulionekana: nyusi nene, jino moja lililopanda juu ya jenzake, kovu kwenye kidevu. Anatabasamu kwa haya, mkono mmoja umeinuka nusu kama anayesema basi, acha. Wanafunzi waligeukia ukuta. Msusi aliusogelea. Jino lile alikuwa amelisahau. Alimpenda mtu miaka yote ile, akasahau jino lake.

Mwalimu Taa alisimama mlangoni, taa mkononi.

“Tangu lini?” msusi aliuliza bila kugeuka.

“Twende nje tuzungumze.”

“Tangu lini?”

“Tangu wiki ya pili.”

Msusi alitoka, naye akamfuata mpaka kwenye ngazi. “Nisikilize. Niliogopa. Kila yeye alivyozidi kung’aa pichani, nilijiona mimi nafifia. Nilisema nitakupa kesho. Kesho ikifika, unacheka kwenye simu, nashindwa.”

“Ulinifungia maiti yangu, nikawa nakuja kukuuliza, nawe unanichekea.” Machozi yalikuwa yanamchuruzika, hakuyafuta. “Usinipigie tena.”

Mwalimu Taa alipiga. Msusi hakupokea. Siku ile alikuwa ameondoka na ile picha tu, kwenye kadi yake; akaichapisha, na siku ya pili akaipeleka kwa aliyekuwa awe mama mkwe wake.

Mama aliishika picha mbali na macho, kisha karibu. Kidole chake kikatembea juu ya kidevu cha mwanawe.

“Hili kovu alilipata kwenye baiskeli,” alisema hatimaye. “Wewe unadhani mimi namkumbuka? Mimi naota mtoto, mkwe wangu. Mtoto wa shule, ana kamasi. Huyu mkubwa alikuwa amenipotea.”

Walilia pamoja, wakashikana mikono. Kisha mama akauliza, “Nani amemtoa gizani?”

Msusi akamweleza yote, pamoja na yale ya simu, pamoja na ule uongo. Alipomaliza alitazama sakafu, akingoja kukemewa.

“Kwa hiyo alimwonea wivu mwanangu,” mama alisema. “Amekosea, tena sana. Lakini angeweza kuifuta, mama. Angesema imeshindikana, nani angejua? Yeye akakaa na uso wa mtu anayemwogopa, akausafisha mpaka kovu likaonekana.” Alivuta pumzi. “Wewe unampenda?”

“Nampenda. Ndiyo maana naona aibu kuja hapa.”

“Mimi sikukufunga. Kama kuna aliyekufunga ni wewe.”

Msusi alimpigia Mwalimu Taa akiwa bado njiani kurudi, kelele za barabara zikimzunguka. Simu iliita mara moja tu.

“Nilidhani umefuta namba yangu,” Mwalimu Taa alisema kwa sauti ndogo.

“Kosa lako silifuti. Ukinificha kitu tena, hata kidogo, basi.”

“Sitakuficha. Nisamehe.”

“Uko wapi?”

“Napiga picha za familia fulani. Wamenuna wote, nimewaambia wasubiri.”

“Wasubirishe kidogo. Umesema unaye shangazi?”

“Ninaye. Vipi tena?”

“Mwambie aandae gauni zuri. Mje nyumbani mjitambulishe kwa mjomba wangu.”

Kwenye simu kulisikika kiti kikiburutwa.

“Upo?”

“Nipo. Natafuta pa kukaa.”

Msusi alicheka, na safari hii machozi yalikuja pamoja na kicheko. Akaegemea ukuta wa duka, watu wakimpita.

“Sikiliza, mpenzi. Huyu mtu hataondoka. Picha yake nitaitundika. Na kuna siku nitateleza, nitakuita jina lake.”

Upande wa pili, mtoto wa ile familia alikuwa analia, na mtu mzima akiuliza kama picha zitapigwa leo au hazipigwi. Mwalimu Taa aliwageuzia mgongo.

“Ukiniita,” alimwambia, “nitaitika.”