Mlango wa Bluu Nyuma ya Maharusi

Siku ya harusi yako, ni nani usiyetaka aonekane kwenye picha?

Usinijibu. Kila mtu ana wake. Binamu yangu Nora, mwenye studio pale Arua, anawajua wote, kwa sababu yeye ndiye anayelipwa kuwafuta. Mjomba aliyelewa kabla ya keki. Mke wa kwanza aliyesimama nyuma ya hema akijifanya mgeni. Jasho, chunusi, mbuzi aliyepita mbele ya kasisi. Nora husema ndoa za kwetu hufungwa mara mbili: kanisani kwa Mungu, na kwenye kompyuta yake kwa majirani.

Peace alimjia asubuhi, wiki ileile ya harusi, pete bado inamsumbua kidoleni. Alikuwa ameolewa katika familia ya Arua Hill, watu wa ofisi na mazulia, na kwao alijieleza kuwa yatima: baba afisa wa jeshi, mama kafia Yei, Sudan Kusini, wakati wa vita. Jumapili wakwe wangekuja kuangalia albamu. Picha zikiwa safi, Peace ni bibi wa nyumba. Zikiwa na doa, mama mkwe alikuwa bado anatafuta sababu ya kumrudisha alikotoka.

Sherehe ilifanyika Koboko, uani kwa mjomba wake, mzee Yakani. Peace akaonyesha kasoro mojamoja kwa ukucha wake mrefu. Soda za meza kuu zibaki, zinaonyesha neema. Jasho la bwana harusi litoke. Kisha ukucha ukatua nyuma ya maharusi, kwenye stoo ya matofali yenye mlango wa bati wa bluu.

"Dada Nora, hii mlango toa."

"Mlango iko na kosa gani?"

"Toa tu. Weka ukuta."

Nora alicheka moyoni. Ameshafuta hadi wazazi, mlango ni nini? Kazi yenyewe ni uongo mwepesi: unanakili tofali la pembeni, unalibandika juu ya unachotaka kuficha, halafu jingine, na jingine, kama fundi wa kweli. Kabla ya chakula cha mchana stoo ilikuwa ukuta mtupu katika kila picha. Peace akapumua, akausifu mkono wa Nora, akaenda saluni.

Kesho yake Nora alifungua picha ili azichapishe, chai mkononi, redio ikiimba. Kwenye meza kuu, soda zilikuwa zimekwisha.

Chupa zote. Jana zilikuwa zimejaa, vizibo havijaguswa. Vizibo bado vilikuwa mahali pake. Ndani hakukuwa na kitu.

Alidhani amefungua faili jingine. Hakuna jingine. Akaikuza picha. Midomo ya wageni, ileile iliyokuwa ikicheka, ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Na kwenye ukuta, pale alipouziba mlango, katika ufa kati ya tofali na tofali, kulikuwa na vidole.

Vinne. Vya mtu mzima. Kucha zimelika.

Nora si mtu wa upuuzi. Alisoma chuo kikuu na cheti kiko ukutani. Akanakili tofali. Akaviziba. Picha iliyofuata, mkono ulikuwa umetoka hadi kiganja. Akauziba. Iliyofuata, kiganja kimeshika kikombe cha plastiki, kinamwelekea bibi harusi. Kikombe kitupu. Koo lake likamkauka. Akanyoosha mkono kuchukua chupa yake ya maji mezani, ya dukani, ambayo hajaifungua.

Ilikuwa nyepesi.

Akampigia Peace. Peace alifika jua likiwa utosini, nywele mpya zimesukwa vizuri. Akakitazama kile kiganja. Hakupiga kelele. Hakuuliza ni cha nani. Alinong'ona tu, "Futa."

"Kwa hii stoo iko nini?"

"Magunia ya simsim."

"Simsim haina mkono, Peace."

Simu ya Peace ikalia. Alikuwa Yakani. Ukucha wake mrefu ukagusa kitufe cha spika, chumba kizima kikasikia. Mzee alisema kuna harufu uani tangu jana. Wamekuja na nyundo wavunje kufuli la stoo. Wamezunguka, wakazunguka tena.

"Mtoto yangu, mlango haiko. Iko matofali tu, pande zote. Nani alijenga?"

Yakani akashusha sauti. Alisema ametuma mtu kambi ya wakimbizi kwa Santina, mama yake Peace, yule anayepika pombe ya waragi, aliyekuja kwa miguu siku moja kabla ya harusi, na ambaye Peace aliwaambia wote wa pale kwa mjomba kwamba amerudi zake alfajiri. Kambini hajafika.

"Ulisema alirudi. Nani aliona yeye?"

Kumbe hakufia Yei. Nora akageukia kompyuta, akatafuta picha za mwanzo, zile ambazo hakuzigusa, aurudishe ule mlango. Akafungua moja. Nyingine. Ukuta. Hata humo, ukuta. Huenda ni macho, huenda ni kioo kichafu. Akakipangusa kwa kitambaa. Kitambaa kikatoka na vumbi jekundu la matofali. Anacho hadi leo. Amekifua, amekichemsha. Hakijatakata.

Peace alikuwa akilamba midomo. Akalamba tena. Ilikuwa imeanza kupasuka. Kwenye simu, nyundo ilikuwa ikigonga, ko, ko, ko, na kila ikigonga alifumba macho. Alipofungua kinywa, hakusema na Nora.

"Mimi nilifunga yeye, mjomba. Nilisema nitafungua wageni wakienda. Alikuwa anagonga. Alikuwa anaita jina yangu, anaomba maji. Mimi niko mbele ya mlango, tunapigwa picha. Nikaambia ile mutu ya muziki aongeze sauti."