Ndugu wa Kundini

Kila familia ina ndugu mmoja ambaye hakuna anayejua vizuri ni wa nani. Anaonekana msibani, anakula, anaondoka, na kila mtu anadhani ni wa upande wa pili. Familia ya Msusi nayo ilikuwa na wa kwake, ila huyu hakuna aliyewahi kumwona kwa macho. Alikuwa namba tu kwenye kundi la simu la ukoo, namba isiyo na jina, na pale pa kuweka picha pana weusi mtupu. Aliingizwa lini, na nani, hakuna aliyekumbuka. Shangazi alidhani ni mtu wa upande wa shemeji zake. Kaka yake Msusi, ambaye ndiye admini wa kundi, alidhani ni mtu wa shangazi. Mwenyewe alikuwa akimaliza ujumbe wake kwa maneno "mimi ndugu yenu", basi wakamwita Ndugu, yakaisha.

Na alikuwa ndugu mwema, usipime! Asubuhi, kabla hata ya chai, keshatuma dua ndefu, tamu, maua juu na maua chini. Sasa nani ana muda wa kusoma dua ndefu namna ile? Simu inaonyesha mistari michache ya mwanzo, iliyobaki inaikunja na kuandika "soma zaidi", na watu wanashuka moja kwa moja kuandika amina. Amina, amina, amina, kama kuku wanaodonoa. Tusidanganyane, ndivyo tulivyo siku hizi. Mtu hajakanyaga kwa dada yake mwezi mzima, lakini kundini kamrushia mawaridi na mioyo myekundu, na anaona deni la udugu kalimaliza.

Hodari wao alikuwa Msusi. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, na kutwa nzima mikono yake ilikuwa kwenye vichwa vya watu, simu kaiegemeza kwenye chupa ya mafuta ya nywele. Ikilia, anafuta kidole gumba kwenye aproni, anabonyeza amina ambayo simu yenyewe imeshampendekezea, anarudi kwenye msuko. Hata walipofiwa hakubadilika. Mwaka ule walizika mara mbili. Kwanza mjomba wao, mzee wa vicheko, aliyekutwa kitini amekauka na mdomo wazi. Kisha mtoto mchanga wa Dada, yule dada mkubwa wa Msusi, aliyemsubiri mtoto huyo mpaka watu wakachoka kumwombea. Mara zote mbili Ndugu ndiye aliyewahi kuandika poleni.

Siku yenyewe ilianza na harufu. Msusi alikuwa jikoni anachemsha maji, saluni hajaifungua, pasi ya nywele haijachomekwa, na nyumba nzima ikanuka nywele zilizoungua. Akachungulia huku na huku, hakuona kitu. Halafu ndipo akagundua kitu kingine, kwamba nyumba ilikuwa kimya. Binti yake, msichana wa darasa la kwanza, waliyempa jina la Chiriku kwa sababu alikuwa anaongea mpaka usingizini, alikuwa ameketi kitandani amevaa sare, na hakuwa amesema neno lolote tangu aamke.

"Chiriku, una nini? Meno yanauma?"

Mtoto akafungua kinywa. Midomo ikacheza, koo likapanda na kushuka, lakini hakikutoka kitu. Msusi akamshika miguu. Ilikuwa ya baridi, baridi ya sakafu.

Hapo simu ikalia. Msusi akashtuka, maana aliizima jana usiku na hakuwa ameiwasha. Ilikuwa imewaka yenyewe, na kundini mlikuwa na ujumbe wa sauti kutoka kwa Ndugu. Akaubonyeza.

"Shikamooni wote! Mimi Chiriku! Leo siendi shule, nimekuja kukaa kwa Ndugu. Huku hakuna taa, lakini babu yupo, anacheka tu, hanyamazi. Na kuna katoto kanalia. Mama, utakuja lini?"

Pale kitandani midomo ya mtoto ilikuwa ikienda sambamba na ile sauti, neno kwa neno, mpaka pale pa "utakuja lini", na machozi yakawa yanamtoka. Na ndugu zake kundini, hebu sikia, walikuwa wameanza kujibu. "Jamani katoto haka kana maneno!" "Mama yake, mpeleke redioni!" Mioyo, vicheko, mioyo tena.

Msusi akakaa chini. Akaitafuta dua ya jana, na kwa mara ya kwanza akabonyeza "soma zaidi". Chini kabisa, baada ya baraka zote na maua yote, palikuwa pameandikwa hivi: "Na mimi ndugu yenu nakaa gizani, nimechoka upweke. Nipeni yule mtoto wa Msusi mwenye maneno mengi, aje anichangamshe. Kesho taa za jioni zikiwaka awe wangu. Semeni amina."

Ya kwanza kabisa chini yake ilikuwa ya kwake mwenyewe. Amina, na maua matatu.

Akapanda juu, miezi nyuma. "Nipeni yule mzee mwenye kicheko." Amina. Akapanda kidogo, akashuka kidogo. "Nipeni kile kitoto cha Dada kinacholia usiku." Amina, amina, ukoo mzima isipokuwa Dada, aliyekuwa ananyonyesha na hana muda wa simu. Na hapo napo Msusi ndiye aliyetangulia.

Alimpigia kaka yake huku analia, akamwambia amtoe yule mtu kundini, asiulize, amtoe tu. Kaka akamtoa. Hawajakata simu, maandishi madogo yakatokea: Mjomba amemwongeza Ndugu. Mjomba! Waliyemzika kwa mikono yao.

Msusi akamwita mganga wa mtaa wa pili, mtu mnene mcheshi, mwenye mazoea ya kuwatania wagonjwa wake mpaka wasahau kilichowaleta. Aliingia anatania. Akapewa simu, akasoma, utani ukamkauka mdomoni. Akaiweka simu sakafuni taratibu, akajifuta mikono kwenye shati.

"Msusi," akanong'ona, "huyu jini si mwizi. Angekuwa mwizi ningemfukuza, kazi yangu ndiyo hiyo. Huyu kaomba, nyinyi mkampa."

"Hatukujua! Nani anasoma vitu vile?"

"Sema polepole, anasikia. Nisikilize. Kila aliyeitikia alirudishe neno lake. Kwa kinywa, si kwa kuandika, na kwa hiari yake. Aseme: nimekataa, simtoi. Taa za jioni zikiwaka akiwa amebaki hata mtu mmoja, huyo mmoja anamtosha."

Msusi alianza na yeye mwenyewe. Alisema nimekataa, simtoi, akiwa kaubana uso wa mtoto kifuani, na kidole kimoja cha mguu wa Chiriku kikapata joto. Basi akajua kwamba ni kweli.

Hakuna siku iliyokuwa fupi kama ile. Alipiga simu mpaka sikio likawaka moto, akampigia kaka, akawapigia binamu, akampigia baba yake Chiriku, dereva wa lori aliyeitikia akiwa foleni ya mizani na sasa alikuwa analia barabarani kama mtoto, akawapigia wale wasiopokea, na wale wanaopokea na kusema niko kikaoni, na wale waliomwambia mpeleke mtoto hospitali dada acha ushirikina, akawaambia nitampeleka, nitampeleka popote mnapotaka, lakini kwanza sema, sema tu, hata kama huamini, na kila aliyesema kidole kingine kikapata joto, na kila aliyebishana kucha za mtoto zikazidi kuwa za bluu, na ukutani, nyuma ya kioo cha saluni, sauti nyingi za chini zilikuwa zinanong'ona amina amina bila kupumzika, na ile harufu ya nywele ikawa nzito mpaka mganga akatoka nje kutapika.

"Mwanangu, macho yangu ndiyo haya," shangazi alisema akilia. "Mimi nikiona maua najua ni jambo la heri, naitikia."

"Najua, shangazi. Sema."

"Nimekataa. Simtoi. Ee Mungu wangu, na yule wa Dada je?"

Msusi akakata simu. Jua lilikuwa limeshalala upande, na aliyebaki alikuwa mmoja tu, Dada mwenyewe. Toka amzike mwanawe alikuwa haandiki amina kundini, lakini jana aliandika. Simu yake ilikuwa inaita, haipokelewi. Msusi akambeba Chiriku mgongoni, mtoto mzito kama gunia lenye maji, akakimbia kandambili mkononi.

Dada alikuwa chumbani kwake, mlango wazi, anakunja nguo za mtoto mchanga. Alikuwa bado anazifua.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Hakuinua macho.

"Dada, ile dua ya jana uliitikia. Najua hukusoma, hakuna aliyesoma. Sema tu umekataa. Nakupigia magoti, dada yangu, ona, nimepiga."

"Mimi nilisoma," Dada akasema. "Mpaka mwisho."

Akaikunja fulana ndogo, akailaza juu ya nyingine.

"Nilipomzika wangu nilikaa na simu, nikazisoma zote. Nikayaona majina yenu, moja moja. Lako la kwanza, na maua."

"Sikujua, dada."

"Najua hukujua. Ungekuwa unajua ingekuwa nafuu, ningekuchukia nikapumzika. Mwanangu alikufa kwa sababu wewe mikono yako ilikuwa na mafuta."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Niliwaambia. Niliandika kundini, nikawaomba msome dua za huyu mtu mpaka mwisho. Ujumbe mrefu, nimeuandika nalia. Mlijibu nini?"

Msusi alijua kabla hajaambiwa.

"Amina," Dada akasema. "Nyote. Wewe uliweka na mikono miwili ya kuomba."

Msusi aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa sakafu. Alilia, akaomba, akaahidi vitu ambavyo mtu hawezi kuahidi. Dada aliendelea kukunja. Chumba kilikuwa kinaingia giza, na huko nje mtu fulani alikuwa keshasema mbona hamuwashi taa. Mgongoni pumzi za Chiriku zilikuwa zinakuja mojamoja. Msusi akamshusha, akamlaza kwenye mkeka, akaweka sikio puani kwake, akangoja, na ilipokuja moja akangoja ya pili, na ya pili ikachelewa.

Simu ikatetemeka mkononi. Ujumbe wa Ndugu haukuwa kundini. Ulikuja kwake peke yake, na hapakuwa na dua wala ua hata moja.

"Mmoja kwa mmoja. Nipe huyo aliyekaa mbele yako, nitamwachia mwanao. Umesoma mpaka mwisho. Sema amina."

Alisoma. Akarudia tena, neno kwa neno. Akamtazama dada yake, aliyemlea, aliyemfundisha kusuka kwa kumwazima kichwa chake mwenyewe. Akamtazama mtoto. Kifua cha mtoto kilikuwa kimetulia.

Simu ilikuwa imeshampendekezea neno. Kidole gumba kikashuka, amina ikaenda.

"Mlete," Dada akasema.

Alikuwa amesimama, uso umelowa, amezisukuma zile nguo pembeni. Alipiga magoti akamzoa Chiriku mkekani, akampakata kwa nguvu, kama anataka kumrudisha tumboni.

"Siwezi. Nilidhani naweza, mdogo wangu, siwezi, huyu naye ni wangu. Nisikilize wewe uliye gizani. Nimekataa, sim..."

Akaishia hapo. Midomo ya Dada ilibaki imekaa kwenye neno, macho wazi, mikono imemzunguka mtoto. Harufu ya nywele zilizoungua ikapita chumbani kama mtu anayetoka, na barabarani taa zikawaka zote kwa pamoja.

Chiriku akakohoa. Akakohoa tena, akavuta pumzi ndefu, akajipapasa koo, akamtazama mama yake, na sauti ikamtoka, ile ile sauti yake ya kuchosha watu. Alisema ana njaa. Alisema huko kulikuwa na giza. Alisema mikono ya mama mkubwa inambana, na ni ya baridi. Kisha akainua shingo kumtazama Dada usoni, akaugusa ule mdomo uliobaki katikati ya neno.

"Mama," akauliza, "mama mkubwa alikuwa anataka kusema nini?"