Masikio ya Gogo

Haya hayakunipata mimi, yalimpata rafiki yangu tuliyemaliza naye chuo. Digrii yake ya mimea imemfikisha kuchuma uyoga msituni. Yangu haijanifikisha hata huko, so msinihubirie kuhusu elimu.

Siku hiyo alikwenda na dada yake. Wakakuta gogo limejaa uyoga wa masikio, ule laini wa kahawia, wenye mikunjo kama sikio la mtu. Miti ilisongamana, giza mchana kweupe.

"Profesa," dada akamtania, "jina lake la Kilatini unalijua, kuupika ndiyo hujui!"

"Chuma, dada, punguza mdomo."

Akacheka, akazunguka upande wa pili wa gogo. Jamaa akawa anasikia kisu chake: tk, tk, tk. Kisha kimya. Akazunguka kumtazama. Kapu lipo, kisu kipo, dada hayupo.

Akaita mpaka koo likakauka. Sauti ilimezwa palepale, hata mwangwi haukurudi. Wakaja majirani, polisi, mbwa, full circus, kisha kila mtu akaenda zake. Mama yao akabaki kukaa mlangoni.

Juzi jamaa alirudi peke yake. Hakwenda kutafuta tena, alikwenda kuaga. Akainama juu ya gogo, akanong'ona, "Dada, Mama anakuulizia."

Hakukuwa na upepo. Masikio yote yakamgeukia, polepole, yakitoa mlio kama ngozi mbichi inayovutwa. Moja lilikuwa na tundu la hereni.