Mshika Mguu

"Umekufa," alisema Koleta.

"Sijafa. Miba haijanigusa."

"Imekuingia jichoni, hii hapa. Umekufa, Masolwa, na maiti haibishani. Toka."

Walikuwa wamelala kifudifudi katika uvungu wa kihenge cha mzee Bundala, ghala la nafaka lililoinuliwa juu ya nguzo. Koleta alikuwa amejifunga mgongoni ungo uliochomekwa njiti za mtama, na Masolwa ameshika fimbo fupi badala ya mkuki. Watu wazima, wamejaa vumbi mpaka kwenye kope, na mmoja kamchoma mwenzake njiti ya jicho. Ukipita njiani bila kujua, ungesema hawa wamerukwa na akili.

Lakini yalikuwa mafunzo. Mzee Bundala, baba yake Koleta, alikuwa mkuu wa wanunguli wa kijiji kile cha ujamaa karibu na Igalula, chama cha wawindaji wanaotambaa mpaka ndani ya shimo la nungunungu na kumalizana naye humohumo gizani. Vijana wote aliwafundishia chini ya kihenge. Nungunungu wao alikuwa binti yake huyo wa mwisho, kwa kuwa ndiye pekee aliyeweza kujigeuza uvunguni bila kugonga kichwa. Kwa miaka sita Koleta alikuwa amewaua vijana wa kijiji kizima. Masolwa, aliyehamia kutoka Nzega wakati wa operesheni ya vijiji, alikuwa amekufa mara nyingi kuliko wote, na wenye macho walisema mara nyingine alikuwa akifa makusudi.

"Kafaje safari hii?" mzee Bundala aliuliza kutoka nje.

"Kaona mgongo, akachoma, baba."

"Masolwa. Nungunungu anapigana kwa kurudi nyuma. Ukiona mgongo unafanya nini?"

"Narudi, baba."

"Ukiona uso?"

"Nachoma. Mara moja tu."

"Na mkono wa mshika mguu uko wapi?"

"Nyuma yangu, umeshika kifundo changu. Nisipousikia, nimepotea."

"Mdomo wako umehitimu. Mwili ndio haujaenda shule." Mzee alikohoa. "Babu yangu alikuwa kirangozi, alitangulia mbele ya misafara ya pembe kutoka Unyanyembe mpaka pwani. Alikuwa akisema, kirangozi akifika kambini peke yake hajaongoza msafara, amekimbia tu. Mwenye mkuki wa mbele ni hivyohivyo."

"Nimesikia, baba."

Hatua za mzee zilisogea mbali. Chini ya kihenge hakuna aliyetoka.

"Baada ya karanga," Masolwa alinong'ona.

"Baada ya karanga kuna nini?"

"Unajifanya hujui. Posa imepokelewa. Tukishavuna karanga nakuchukua."

Koleta alijua sana, na moyo ulikuwa ukimdunda kwa furaha mpaka akahofia njiti za mgongoni zitatikisika. Lakini kulikuwa na jambo linalomkaba. Dada yake Leonia aliolewa na Marko, fundi wa mkuki kuliko wote. Siku moja Marko aliuacha mkono wa mwenzake nyuma, udongo ukashuka katikati yao. Walichimba kutwa nzima.

"Niahidi kitu kimoja," alisema. "Usiupite mkono. Hata mnyama awe mbele ya pua yako, usiupite."

"Nakuahidi."

"Niangalie unaposema."

"Koleta, humu giza. Nakuahidi nikiwa nakuangalia ninapodhani upo."

Akacheka, akamwamini.

*

Mwezi ule nungunungu waliingia shamba la kijiji kama wamealikwa. Walifukua karanga mstari kwa mstari, na katibu wa kijiji, aliyekuwa anasubiri wageni kutoka wilayani, alikuwa hali wala halali. Ndipo Masolwa alipopewa mkuki wa mbele kwa mara ya kwanza. Aliyemshika mguu alikuwa rafiki yake Shilinde, mtu mnene, mpole, asiyejua kusema uongo hata wa kumfurahisha mgonjwa.

Walimrudisha mabegani wanaimba jina lake. Nungunungu alikuwa juu ya mti uliobebwa na watu wawili. Kwenye bega la Masolwa kulikuwa na mwiba, umezama urefu wa kidole.

Koleta aliuchomoa mwenyewe, akaosha jeraha kwa maji ya chumvi. Alipomaliza kufunga kitambaa alimgeukia Shilinde.

"Shilinde, mkono wako ulikuwa wapi?"

"Shemeji, unajua pale kwenye kona, mimi na huu mwili..."

"Nimeuliza mkono."

Shilinde alitazama miguu yake. "Alinivuka. Kama urefu wa kitanda hivi."

"Lakini nimempata," alisema Masolwa. "Husikii wanavyoimba?"

"Hata shemeji Marko waliimba jina lake. Dada mpaka leo akisikia ngoma anafunga mlango."

"Sasa unataka nikae nje, nishike kofia za wenzangu?"

"Nataka mume. Nilikuomba kitu kimoja, ukaniahidi."

"Wewe unaogopa, Koleta. Na kwa kuwa unaogopa, unataka na mimi niogope."

Neno lile lilimwingia kuliko mwiba ulivyomwingia mwenzake. Alikunja kitambaa kilichobaki, akakikunja tena.

"Basi kaoe hao wanaokuimba. Waambie wazee wako posa imekufa."

*

Wiki tatu hawakusalimiana. Wiki ya pili Shilinde alileta barua iliyokunjwa mara nne, karatasi ya daftari:

"Kwako mpenzi Koleta. Salamu nyingi zikufikie popote ulipo. Ama baada ya salamu, mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Huku mvua imenyesha vizuri. Bega limepona. Nungunungu mwingine ameonekana upande wa reli. Tafadhali nijibu ili roho yangu itulie. Ni mimi wako, Masolwa."

Huyo aliye mbali na upeo wa macho yake alikuwa nyumba ya nne, na mwandishi nyumba ya saba, mstari mmoja. Koleta aliisoma mpaka mikunjo ikachanika. Alikuwa anampenda, hilo hakujifichia, na usiku alilia kwa ajili yake. Lakini alijibu kwa mistari miwili tu:

"Barua nimeipata. Neno ninalolitafuta halimo."

*

Jumamosi asubuhi alikuwa shambani anapalilia mihogo. Leonia alikuja mbio, kanga imemfunguka kichwani.

"Mmepatana?"

"Nani, dada?"

"Wewe na Masolwa."

"Hata salamu hatuna."

Leonia alishika kiuno. "Basi kadanganya."

Koleta alielewa papo hapo. Kabla mkuki haujaingia shimoni, mkuu wa wanunguli huuliza mbele ya wote: nani kaacha ugomvi nyuma yake? Mwenye ugomvi huweka mkuki chini, akaenda kuumaliza, akarudi siku nyingine. Hakuna anayemcheka. Wanaamini mtu wa namna hiyo huingia na nusu ya akili, na nusu ya akili shimoni haitoshi.

"Baba kamuuliza, kasema hana ugomvi na mtu," Leonia aliendelea. "Sasa hivi yumo ndani, kichuguu cha karibu na reli."

Jembe lilibaki pale pale. Koleta alikimbia.

Mzee Bundala alikuwa amechuchumaa mdomoni mwa shimo, watu wamemzunguka.

"Baba, kakudanganya. Ana ugomvi na mimi."

Uso wa mzee ulibadilika. Aliinama. "Shilinde. Mwambie atoke."

Sauti ya Shilinde ilitoka ndani imefifia. "Mzee, kanivuka tena. Tochi yake imezimika. Mnyama yuko mbele yake anatikisa miba, na yeye haoni wala hajui arudi wapi."

"Msogelee."

"Mabega yamegoma kwenye kona, mzee. Namsikia tu."

Koleta alipiga magoti kando ya baba yake, akaingiza kichwa shimoni.

"Shilinde, mwambie ni mimi."

Walimsikia Shilinde anaita ndani. "Shemeji, anasema amekusikia."

"Muulize kwa nini kadanganya."

Shilinde aliita tena. "Anasema ni aibu. Angeweka mkuki chini, watu wangejua umemkataa."

"Mwambie watu wanajua. Hata kuku wanajua."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamazishwa. Safari hii Shilinde alijibu kwa sauti ya chini, kana kwamba wazee kumi waliokuwa pale hawana masikio.

"Shemeji, anasema anaogopa. Anasema tangu siku ile ya mwiba anaogopa kila siku. Alitaka kukuandikia, kalamu ikakataa."

Koleta alifumba macho. Ndilo neno alilokuwa akilitafuta. Hakutaka Masolwa awe shujaa wala awe mwoga. Alitaka asimfiche, wawe wawili ndani ya hofu hiyo. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Baba, nipe tochi."

"Koleta."

"Hapa wote ni wapana, mimi ndiye ninayeenea. Na kwa miaka sita nungunungu nimekuwa mimi. Nani anamjua kunishinda?"

Mzee Bundala alimtazama binti yake, kisha akamtazama Leonia aliyefika nyuma anahema. Akatoa tochi kiunoni. "Shilinde akushike mguu," alisema. "Usiupite mkono wake."

Alitambaa. Udongo ulikuwa wa baridi na ulinuka mnyama. Alijipenyeza ubavuni mwa Shilinde, akapita kona, akasikia kiganja kikubwa kinafunga kifundo chake. Akanyoosha mkono wake mbele mpaka akagusa kisigino. Kilikuwa kinatetemeka.

"Nani?" Masolwa aliuliza.

"Mshika mguu wako."

"Koleta, toka humu."

"Mwenye mguu hatoi amri."

Alimsikia anavuta pumzi kwa shida. "Nimekukosea," Masolwa alisema. "Nilikuahidi kisha nikakuvunjia. Nikakutukana kwamba unaogopa, kumbe anayeogopa ni mimi."

"Umenikosea, kweli. Na mimi nimekosa kukunyima salamu wiki tatu nikijua unaumia. Hayo mawili tuyamalize hapa?"

"Tuyamalize."

"Yamekwisha. Nakumulikia sasa. Unaona nini?"

"Mgongo. Anatikisa miba."

"Anayetikisa anatisha tu. Akinyamaza ndipo anapokuja. Akinyamaza niambie."

Miba iligongana gizani kama vijiti ndani ya kapu. Kisha ikaacha.

"Amenyamaza," Masolwa alinong'ona.

"Rudi."

Alimvuta kwa nguvu zake zote, na Shilinde akamvuta yeye. Mnyama alikuja kinyumenyume kwa kishindo, miba ikajikita kwenye udongo pale pale kichwa cha Masolwa kilipokuwa. Mchanga ukawamwagikia.

"Usichome," alisema Koleta. "Huo bado mgongo. Sasa atajiuliza umekwenda wapi. Atageuka. Hata mimi huwa nageuka."

Walisubiri. Mkono wake ulikuwa juu ya kifundo cha Masolwa, na alihisi mtetemeko unapungua kidogo kidogo, mpaka ukaisha.

"Naona uso," alisema Masolwa.

Mkuki ulikwenda mara moja.

*

Nje watu walianza wimbo. Masolwa, udongo mpaka masikioni, aliinua mkono.

"Msiimbe. Mzee Bundala, niliulizwa nikasema sina ugomvi. Nilidanganya. Ningeweza kumuua Shilinde, na ningeweza kumuua binti yako."

Mzee aliutazama mkuki. "Wanunguli hatumpigi mwongo," alisema. "Tunachukua mkuki wake. Mwaka mzima utashika miguu ya wenzako. Kama unaona ni aibu kukaa nyuma, treni ya Tabora inapita leo alasiri."

Watu walimtazama Masolwa. Na Koleta alimtazama, roho mkononi, maana mkuki ndio uliompa mgeni huyu jina kijijini, na kutoka pale kwenda stesheni hapakuwa mbali.

Masolwa aliupangusa mkuki kwenye nyasi, akaupeleka kwa mikono miwili.

"Naomba nianze na Shilinde," alisema. "Nina deni la mguu wake."

Mzee aliupokea. Alikuwa tayari ameinuka kwenda zake Koleta alipomwita.

"Baba. Mwaka ukiisha utamrudishia?"

"Akistahili."

"Akistahili, mguu wake nitaushika mimi."

Wazee walinong'onezana. Mzee Bundala aligeuka taratibu.

"Leo ilikuwa dharura. Chama hiki hakimwingizi mtu shimoni ovyo. Mshika mguu lazima awe na haki juu ya uhai wa yule anayemshika. Posa uliivunja mwenyewe, kijiji kizima kimesikia. Wewe ni nani yake?"

"Mke wake," alisema Koleta.

Masolwa alikaa chini pale pale kwenye udongo, kama mtu aliyeambiwa habari akiwa amebeba mzigo. Hakuna aliyejua acheke au anyamaze. Kisha kigelegele kikapanda kutoka nyuma ya watu, kirefu, cha sauti iliyokwaruza kwa kukaa muda bila kutumika. Wote waligeuka. Alikuwa Leonia, mkono mdomoni, anapiga kwa ajili ya mdogo wake huku machozi yanamtiririka, na alipoishiwa pumzi alivuta nyingine akaanza tena.